Pikapu Imeanza Kunywa Mafuta: Pa Kuanzia Kabla Hujagusa Pampu

Pikapu iliyokuwa ikienda kilomita 10 kwa lita ikishuka hadi 8, jibu la kwanza katika gereji nyingi ni moja: "Pampu hiyo, bosi." Pampu inashushwa, nozeli (vipulizia dizeli ndani ya injini) zinashushwa, pesa inatoka, na gari linarudi barabarani likinywa vilevile. Gari lenye umri wa miaka 20 au 30 mara chache huwa na kosa moja. Breki ya nyuma inashika kidogo, themostati (valvu inayoyazuia maji ya injini mpaka yapate joto) iling'olewa zamani na hakuna anayekumbuka, tairi zimebadilishwa saizi, na kila kimoja kinajichukulia fungu lake la mafuta.

Mpangilio tunaoufuata hapa ni wa gharama: kwanza vinavyopimwa bure, kisha vinavyohitaji jeki na spana, na pampu mwishoni kabisa. Mifano mingi ni ya Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, na ya Hilux za zamani, za dizeli (injini aina ya 2L, 3L, 5L) na za petroli yenye kabureta (injini aina ya 22R), lakini utaratibu unafaa pikapu yoyote ya rika hilo.

Pata namba ya kweli

Mshale wa geji ya mafuta si kipimo. Shilingi nazo si kipimo: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo upya kila mwezi, kwa hiyo "elfu hamsini zilikuwa zinanifikisha Magu na kurudi" haikuambii chochote kuhusu injini. Unahitaji lita na kilomita.

Jaza tenki kwenye sheli yenye sakafu iliyonyooka. Dizeli hufanya povu. Bomba likijikata mara ya kwanza, subiri dakika mbili povu lishuke, ongeza polepole mpaka lijikate tena, kisha acha hapo hapo. Andika odometa. Safiri karibu kilomita 300 kwa mwendo wako wa kawaida na mzigo wako wa kawaida. Buhongwa hadi Shinyanga na kurudi inatosha. Rudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari likitazama upande ule ule, ujaze kwa mtindo ule ule. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika.

Umbali wote huo una sababu yake. Ujazaji wa namna hii una kosa la lita moja na nusu hivi, hata ukiwa makini. Ukitumia lita 36, kosa hilo ni asilimia 4. Ukizunguka mjini kwa lita 8 tu, kosa lile lile linakuwa karibu asilimia 19, na hapo unaweza kununua nozeli mpya kwa sababu ya povu. Kwenda na kurudi njia moja nako kuna maana: miinuko na upepo wa ziwa uliokusukuma ukienda utakukabili ukirudi.

Kuna imani kwamba ukijaza alfajiri unapata mafuta mengi kwa kuwa ni ya baridi. Tenki la sheli liko ardhini na joto lake halibadiliki sana kati ya alfajiri na mchana. Usipoteze usingizi kwa hilo.

Sasa ihakiki odometa yenyewe, maana hapa ndipo "ulaji" mwingi huishia. Washa programu ya ramani au ya kupima mwendo kwenye simu, enda kilomita 20 kwa GPS, linganisha na odometa. Tairi kubwa kuliko za awali huifanya odometa ihesabu pungufu. Mfano: Hilux iliyotengenezwa kutembea na 205R16, yenye kipenyo cha milimita 743 hivi, ikivalishwa 265/70R16 ya milimita 777, kila mzunguko unaenda mbali zaidi kwa karibu asilimia 4.7 lakini odometa haijui. Odometa ikisema kilomita 302 kwa lita 36, unapata 8.4 kwa lita. Umbali wa kweli ni kilomita 316, yaani 8.8 kwa lita. Karibu nusu kilomita kwa lita imerudi bila kufungua nati hata moja. Sehemu ya hasara ni ya kweli, lakini, kwa sababu tairi hizo ni nzito, ni pana, na zinafanya gia zote kuwa ndefu kuliko injini ilivyopangiwa.

Linganisha pia safari zinazolingana. Kumbukumbu zako za zamani zikiwa za Sengerema au Geita kupitia feri ya Kigongo–Busisi, zina foleni ndani yake, na dizeli ya ukubwa huu ikiunguruma bila kwenda hutumia kati ya nusu lita na lita moja kwa saa. Tangu Daraja la J. P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, safari ile si ile tena. Gari linaloonyesha "halijabadilika" kwenye njia hiyo huenda limeharibika, na daraja ndilo linaloficha.

Ukimaliza kupima, weka namba hiyo kwenye daftari la gari. Kuanzia hapa rekebisha kitu kimoja, pima tena, ndipo uende kingine. Ukibadilisha vitano siku moja hutajua kipi kilikuwa mwizi.

Mafuta yasiyofika kwenye injini

Egesha usiku juu ya boksi lililofunuliwa, upande wa tenki na upande wa injini. Asubuhi tazama madoa. Kwenye dizeli kagua vipira vyembamba vya kurudisha mafuta kutoka kwenye nozeli. Vikikauka hupasuka na kuvuja tone kwa tone juu ya injini ya moto, mafuta yanakauka, na chini huoni kitu. Vumbi linaloganda kama tope jeusi kuzunguka nozeli moja ndiyo alama yake.

Chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili. Oili iliyopanda juu ya alama bila wewe kuongeza, au inayonuka petroli au dizeli, inamaanisha mafuta yanaingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kwenye 22R yenye kabureta anza na pampu ya mafuta ya pembeni mwa injini: ngozi ya ndani ikichanika, petroli inashukia kwenye oili. Usiendelee kuendesha hivyo. Oili iliyochanganyika haishikilii beringi za kranki.

Halafu kuna jambo ambalo fundi hatakuambia kwa kuwa si lake: mafuta yanayonyonywa kwa mpira usiku. Gari likiendeshwa na dereva wa kuajiriwa na kipimo chako cha kilomita 300 kikatoa namba nzuri, huku hesabu za mwezi zikiwa mbaya, injini haina kosa. Weka kifuniko cha tenki chenye kufuli, andika odometa kila linapojazwa, na uanze kuuliza kwa upole.

Pampu ya sheli inaweza nayo kuwa na kasoro. Tazama kama ina stika ya Wakala wa Vipimo ambayo muda wake haujapita, kisha rudia kipimo chote kwenye sheli nyingine. Tofauti ikizidi asilimia 5, hamia huko. Dumu la lita 20 lisikudanganye. Likijaa hadi shingoni hubeba zaidi ya 20, kwa hiyo haliwezi kuwa shahidi.

Gari linaloburuzwa

Hapa ndipo pikapu za ukanda wa ziwa zinapopoteza zaidi, na hapa ndipo matengenezo ni rahisi. Maji ya Victoria si ya chumvi, hivyo chasisi haiozi kwa kutu haraka kama ya Dar es Salaam au Tanga. Tatizo ni mchanga na tope. Pikapu inayorudi kinyumenyume hadi majini mwaloni kupakia dagaa, au inayoingia kuchota mchanga, huingiza maji kwenye drami za nyuma, na yakikauka yanaacha mchanga mwembamba kwenye kila kitu kinachopaswa kuteleza.

Anza na upepo. Pima tairi zikiwa za baridi, asubuhi kabla ya safari, na ufuate kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva: mara nyingi mbele huwa chini kuliko nyuma, na nyuma kuna namba mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Upungufu wa psi 10 kwenye tairi zote unakula takribani asilimia 2 ya mafuta. Si nyingi, ila ni ya bure, na tairi hazitaungua mabega.

Kisha jaribio la kuteleza. Tafuta kipande tambarare kisicho na magari. Fika kilomita 60 kwa saa, toa gia, acha injini ikiunguruma ili breki na usukani viwe na nguvu, na uhesabu sekunde mpaka mwendo ushuke hadi 20. Rudia ukitoka upande wa pili, chukua wastani. Namba hiyo peke yake haina maana kubwa. Thamani yake inaonekana ukirudia baada ya kurekebisha breki. Gari lililokuwa likishikwa hupata sekunde kadhaa za ziada, na hizo ndizo mafuta yako.

Kutafuta gurudumu linaloshika: endesha kilomita 10 ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, simama kwa kushusha gia, kisha sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Linganisha kushoto na kulia. Drami au diski yenye joto kali kuliko ya upande wa pili imepatikana; dondoshea matone ya maji, yakichemka papo hapo huna haja ya ushahidi mwingine.

Lipandishe gari kwa jeki, weka stendi, na zuia kwa mawe magurudumu yaliyobaki chini (mawe Mwanza hayana uhaba). Shusha handbreki. Zungusha gurudumu kwa mkono. Likikataa, legeza nipeli ya kutolea upepo wa breki ya gurudumu hilo. Jibu ni moja kati ya mawili.

Likiachia mara moja na mafuta ya breki yakaruka, presha ilikuwa imefungiwa. Gurudumu moja tu likiwa hivyo, mtuhumiwa ni mpira wa breki: ndani unavimba na kuchanika, mguu wako unasukuma mafuta kwenda lakini hayarudi. Kwa nje utauona mzima. Badilisha mipira yote ya mbele pamoja, kwa kuwa umri wake ni mmoja. Magurudumu mawili ya mbele yakishika kwa pamoja, angalia masta silinda. Kifimbo cha pedeli kinapaswa kuwa na nafasi ndogo ya kucheza kabla hakijaanza kusukuma. Fundi aliyekaza kifimbo hicho ili "breki iwe juu" ameacha breki zikiwa zimekanyagwa muda wote.

Likiwa bado gumu, kosa ni la chuma. Mbele: pini za kalipa zimekauka au pistoni ina kutu. Zitoe, zisafishe, paka grisi ya breki inayovumilia joto, si grisi ya beringi, kwa kuwa hiyo huyeyuka na kuvimbisha mipira. Nyuma: fungua drami, toa mchanga, kagua kama springi za kurudisha zimelegea, na uvute kebo ya handbreki. Kebo iliyoingia maji haiteleziki, inavutika, hairudi. Kupaka oili juu juu husaidia wiki moja. Nunua kebo.

Kwa zenye 4WD, tazama hab za mbele, vile vitovu vya magurudumu vyenye swichi ya LOCK na FREE. Zikiwa kwenye LOCK huku unatembea kwenye lami, difu na propela shafti ya mbele vinazungushwa bure kila kilomita. Zirudishe FREE. Zikigoma kuzunguka, zifungue na kuzisafisha, usizipige nyundo.

Alaimenti (mwelekeo wa magurudumu), kwa ufupi: pitisha kiganja juu ya tairi ya mbele ukitoka nje kwenda ndani, kisha ndani kwenda nje. Ikichoma upande mmoja kama msumeno, tairi zinatembea kwa kukwaruzwa. Klachi nayo: ukiwa gia ya juu kabisa kwenye kilomita 50 kwa saa, kanyaga mafuta yote ukipanda mlima. Injini ikipandisha sauti bila gari kuongeza mwendo, klachi inateleza na sehemu ya mafuta inageuka harufu ya kuungua.

Na mzigo wenyewe. Dagaa wakavu ni wepesi lakini magunia yake hupangwa juu kupita kabini, na turubai lisilokazwa linapiga upepo njia nzima. Upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 hadi 100 kwa saa unaongezeka kwa asilimia 56. Kwa gari lenye umbo la kabati, kilomita 80 kwa saa ni dawa kuliko chochote kinachouzwa kwenye chupa.

Injini isiyopata joto

Gari likichemka mara moja, ushauri wa kijiweni ni kung'oa themostati. Linaacha kuchemka kwa muda, mwenyewe anafurahi, na kuanzia siku hiyo injini inatembea baridi. Oili inabaki nzito, mafuta hayaungui vizuri kwenye kuta za baridi za silinda, na kwenye petroli ya EFI (inayopuliziwa kwa amri ya kompyuta badala ya kabureta) kompyuta huamini injini bado inapashwa moto, inaendelea kumwaga petroli ya ziada. Ringi na silinda zinalika haraka zaidi. Kwenye injini ambazo themostati huziba pia njia ya mkato ya maji, kuing'oa huacha njia hiyo wazi. Sehemu ya maji hayapiti kwenye rejeta kabisa, na siku ya mzigo mzito gari linachemka tena.

Kujua kama ipo: asubuhi, injini ikiwa baridi, washa na ushike mpira wa juu wa rejeta. Unatakiwa ubaki baridi kwa dakika kadhaa, kisha upate moto kwa ghafla. Ukianza kupata uvuguvugu polepole tangu mwanzo, themostati haipo au imekwama wazi.

Ipime kwenye sufuria. Ining'inize kwa waya ndani ya maji isiguse chini, pasha moto. Namba iliyogongwa juu yake, mara nyingi 82 au 88, ndiyo nyuzi inapoanza kufunguka. Mwanza maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100, kwa kuwa uso wa ziwa uko takribani mita 1,134 juu ya bahari. Kwa hiyo ya 82 inapaswa kuwa wazi kabisa, milimita 8 au zaidi, maji yakichemka. Isipofunguka haitafunguka garini. Unapoirudisha, kitundu chenye kipini kidogo kikae juu ili hewa itoke.

Mwinuko huo unaeleza pia kwa nini kifuniko cha rejeta si kitu cha kuokoteza. Kifuniko kizima cha presha ya kilo 0.9 kwa sentimita ya mraba kinapandisha kiwango cha kuchemka hadi karibu nyuzi 115; kilichochoka kinakuacha kwenye 96, injini inachemka, na mtu anang'oa themostati. Mara nyingi mkosaji wa kwanza alikuwa kifuniko.

Sikiliza na feni. Feni ya kitovu chenye mafuta mazito ndani hutakiwa kulegea injini inapokuwa baridi. Iliyochomelewa au kufungwa bolti izunguke moja kwa moja hunguruma kama ndege kila unapopandisha mzunguko wa injini, na nguvu ya kuizungusha inatoka kwenye tenki lako.

Hewa na moshi

Kwenye mita 1,134 hewa ni nyembamba kwa takribani asilimia 12 kuliko pwani. Pampu ya dizeli ya zamani isiyo na kifaa cha kurekebisha mwinuko haijui hilo. Inapeleka dizeli ile ile iliyopangiwa Dar es Salaam. Ndiyo maana gari lililokuwa safi pwani linaweza kutoa moshi mweusi likipanda mlima wa Bugando na mzigo. Moshi mweusi kidogo kwenye mlima mkali ukiwa umekanyaga yote hautishi. Moshi mweusi kwenye tambarare ni pesa.

Kabla ya kulaumu chochote, fungua chujio la hewa. Barabara za changarawe wakati wa kiangazi hulijaza ndani ya wiki chache. Ingiza balbu ndani; mwanga usipopenya, limekwisha. Kulipuliza ni kwa upepo wa psi 30 tu, kutoka ndani kwenda nje, bomba likiwa mbali kidogo. Kulipiga kwenye tairi hupasua karatasi, na kuliosha kwa petroli ni kulitupa. Kwenye dizeli na kabureta chujio lililoziba huongeza ulaji. Kwenye petroli ya EFI hupunguza nguvu zaidi kuliko linavyoongeza ulaji, maana kompyuta hupunguza petroli.

Sasa tazama moshi injini ikiwa na joto. Mweusi: mafuta ni mengi kuliko hewa, nozeli mbovu, skrubu ya pampu imechezewa, au hewa haiingii. Mweupe unaochoma macho asubuhi na kuendelea: dizeli isiyoungua, taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) imechelewa au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) ni ndogo. Wa bluu ni oili. Mweupe wa mvuke huku maji ya rejeta yakipungua ni gasketi ya silinda hedi, na hiyo inatangulia mengine yote.

Nozeli, taimingi, na mwisho pampu

Kwa 2L, 3L na 5L, jaribio la gereji ni hili: injini ikiwa na joto na ikiunguruma taratibu, legeza nati ya bomba la nozeli moja moja kwa kitambaa. Silinda nzima ikikatwa, mlio unabadilika na injini inatetemeka. Ile ambayo ukiikata hakuna tofauti ndiyo mgonjwa. Ile ambayo ukiikata kelele ya kugonga au moshi mweusi vinakwisha, nozeli yake inakojoa badala ya kupuliza ukungu.

Usifanye hivyo kamwe kwenye Hilux za dizeli mpya zaidi, za D-4D, zenye injini kama 1KD na 2KD. Bomba zake zina presha inayozidi bar 1,000, inayoweza kupenyeza dizeli chini ya ngozi, na jeraha hilo linahitaji upasuaji haraka hata likionekana dogo. Kwa hizo, elekeza mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwenye chupa nne zinazofanana, iache injini iungurume dakika chache, linganisha. Chupa iliyojaa mara mbili ya wenzake inaonyesha nozeli iliyochoka.

Nozeli zikipelekwa kwenye mashine ya kupimia, omba uone mwenyewe: ukungu mwembamba wenye umbo la koni, bila tone kubaki ncha. Kila inapofungwa upya weka washa mpya. Ya zamani ikirudishwa huvujisha kompresheni na kuichoma nozeli mpya.

Kisha uliza swali ambalo watu husahau: mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, na ulaji ulianza lini? Injini za 2L, 3L na 5L zinatumia mkanda, na ukiruka jino moja gari litawaka, litatembea, litakuwa zito na litakunywa. Tarehe mbili zikikaribiana, fungua kifuniko uhakiki alama kabla ya kitu kingine. Mkanda ukiwa sawa, fundi pampu apime taimingi ya pampu kwa geji ya saa kwa kipimo cha injini hiyo. Kuizungusha pampu kwa kusikiliza sauti ni kubahatisha.

Skrubu ya mafuta iliyo nyuma ya pampu hufungwa kiwandani kwa waya na risasi. Risasi ikiwa imekatika, mtu ameongeza dizeli ili gari "livute." Irudishwe kwenye mashine ya pampu. Na dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ina nishati pungufu kwa lita na hailainishi pampu inavyotakiwa, kwa hiyo ya bei ya mtaani kwenye madumu mwishoni ni ghali.

Kama ni ya petroli

Kabureta iliyopangwa pwani huku inatoa mchanganyiko mzito kwa sababu ile ile ya hewa. Plagi zenye masizi makavu meusi ni ushahidi; za rangi ya kahawia iliyopauka ni nzuri. Mwanya wa plagi za 22R ni milimita 0.8. Tazama choki: injini ikipata joto, kibati cha juu cha kabureta kisimame wima kabisa. Kikibaki nusu, unaendesha na choki. Jeti zilizochokonolewa kwa waya zimepanuka na hazirudi, badilisha.

Halafu kile kisahani cha vakyumu kwenye distribyuta. Chomoa mpira wake upande wa kabureta, unyonye kwa mdomo na uzibe kwa ulimi. Ukishika, ni mzima. Hewa ikipita, ngozi imechanika, cheche ya plagi haijitangulizi kwenye mwendo wa kawaida, na petroli inapotea bila gari kuonyesha ugonjwa mwingine wowote. Valvu za 22R hupimwa injini ikiwa na joto: 0.20 za kuingiza, 0.30 za kutoa.

Kwa EFI za Toyota, kabla ya kununua sensa ya oksijeni pima sensa ya joto la maji kwa mita: kilo-ohm 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80. Sensa inayosema injini ni baridi wakati ina moto hulewesha gari kwa petroli.

Kompresheni

Yote hayo yakiwa sawa na gari bado linakunywa, pima kompresheni. Betri ijae, injini iwe na joto. Kwenye petroli toa plagi zote na ukanyage mafuta hadi chini. Kitabu cha 22R kinataka kilo 12 kwa sentimita ya mraba, kikomo 10, na tofauti kati ya silinda isizidi 1. Kwa 2L ni 32, kikomo 20, tofauti isizidi 5.

Namba hizo za juu usizisome kama uko bandarini Dar. Kwa hewa ya hapa, 22R nzima inayotakiwa kusoma 12 itasoma karibu 10.5, na dizeli ya 32 itasoma 28 hivi. Injini nzuri zimefunguliwa bure kwa kosa hilo. Kinachosema ukweli zaidi ni tofauti kati ya silinda: tatu zikisoma 27 na moja 19, hiyo moja ina jambo.

Kwenye petroli, mimina kijiko kimoja cha oili kwenye silinda iliyo chini, upime tena. Ikipanda, ringi zimelika. Ikibaki pale pale, ni valvu au gasketi, na silinda hedi peke yake ndiyo itakayoshuka. Kwenye dizeli usimimine. Chumba chake ni kidogo mno, oili inaongopesha geji na inaweza kuwaka. Huko tumia upepo wa kompresa kupitia tundu la nozeli, valvu zote za silinda hiyo zikiwa zimefungwa na gari likiwa kwenye gia ili kranki isizunguke, usikilize unapotokea: ekzosi, njia ya hewa, kifuniko cha oili, au mapovu kwenye rejeta.